Bwana Kipo

Kalamu ilibingirika yenyewe mezani, ikaanguka chini. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile. Mkaguzi aliinama akaiokota, akailaumu: kalamu za siku hizi zimezidi uduara.

Ofisi nzima walimwita Bwana Kipo. Kazi yake ilikuwa kukagua maombi ya hataza, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikiige. Sharti la kwanza ni kitu kiwe kipya. Na kwa miaka kumi na tisa, kila aliyeingia na kitu kipya alitoka na jibu moja. Jiko lisilo na moshi? Kipo. Kufuli ya kufunguliwa kwa kidole? Kipo. Tena atakutajia kilipo, mwaka na ukurasa. Wenzake walimtania kwamba siku mkewe alipomwambia wamepata mtoto, aliuliza kwanza kama hayupo mwingine wa namna hiyo.

Sasa alikuwa na faili lililomtoa jasho wiki tatu. Mwenye ombi ni mama mmoja fundi umeme, na leo alikuwa ameketi mbele yake, mkoba mapajani.

"Nieleze tena," alisema Bwana Kipo.

"Ni waya nyembamba, baba, zinapita ndani ya nguzo zote za jengo. Tetemeko likipita, nguzo inaweza kupasuka ndani kwa ndani, nje rangi inang'aa tu. Ufa ukianza, waya unakatika. Ukutani kuna kisanduku chenye taa tatu. Kijani, kaeni. Njano, iteni mhandisi. Nyekundu, tokeni wote, na asirudi mtu kufuata viatu."

"Hakina king'ora?"

"King'ora watu watakanyagana. Taa inatosha."

"Na wasipoiona?"

Yule mama alicheka kidogo. "Nani asiyeona taa nyekundu, baba yangu?"

Bwana Kipo aliandika hilo.

"Shule ya mwanangu ilitikiswa na lile tetemeko la mwezi uliopita," mama aliendelea. "Mwalimu mkuu anataka nikavifunge hata kesho. Ila halmashauri wanasema bila hati sigusi nguzo. Kila asubuhi namwacha getini, na mpaka saa nane roho yangu iko mkononi. Kwani wewe huna mtoto?"

"Ninaye. Yuko hapa hapa chini, chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi." Aligonga sakafu kwa kisigino. "Akilia namsikia."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa, mama. Lakini kukuelewa hakumo kwenye sheria. Jibu lako saa kumi."

Alipoondoka, aliingia mkuu wa idara. Aliingia kwa bega, maana mlango ulikuwa umekwama.

"Huu mlango nao!"

"Umevimba kwa mvua, mkubwa."

"Mvua gani, kiangazi chote hiki? Haya, umepata?"

"Nimepata. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo jambo hili linajulikana tangu enzi."

"Methali si kifaa, bwana. Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa kumi ikifika hujaonyesha kilipo, gonga muhuri, mama wa watu apewe hati yake."

Akatoka, naye kwa bega.

Bwana Kipo alibaki akiitazama saa. Miaka kumi na tisa bila kushindwa hata mara moja, leo anaangushwa na mwanamke mwenye koleo na bisibisi. Saa tisa na nusu kalamu ilibingirika tena. Safari hii ilikwenda mbali, ikapotelea chini ya kabati la chuma aliloachiwa na mkaguzi aliyemtangulia. Alipiga magoti, mkono haukufika. Akalisukuma kabati.

Ukutani kulikuwa na kisanduku.

Kilikuwa kimejaa utando wa buibui. Waya nyembamba zilitoka kwake zikaingia kwenye nguzo. Taa tatu. Chini ya taa, maandishi: KAENI. ITENI MHANDISI. TOKENI WOTE. Kwenye kibati cha pembeni palichongwa mwaka, nao ulikuwa wa zamani kuliko ajira yake.

"Kipo!" alisema kwa furaha. Wiki tatu amepekua maktaba za nchi za mbali, kumbe kilikuwa mgongoni pake, hatua mbili kutoka kwenye kiti.

Lakini hakuwa mtu wa papara. Sheria inasema kifaa kilichokufa si ushahidi. Alitoa kitambaa mfukoni, akapangusa vumbi taratibu, akainama, akachungulia muda mrefu. Kisha akatabasamu na kwenda kuandika.

"Ombi limekataliwa. Kifaa kinachofanana na hiki kwa kila hali kipo, nacho kimefungwa katika jengo hili hili, ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na nne."

Chini, watoto walikuwa wameamka usingizi wa mchana. Walianza kuimba, na sauti ya binti yake ilikuwa mbele ya wenzake kama kawaida, haingoji mtu.

Alisoma barua yake mara mbili. Yule mama alikuwa mbishi, angeweza kudai kwamba kisanduku ni kibovu, ni pambo tu la ukutani. Kwa hiyo aliongeza mstari mmoja: "Tena kinafanya kazi bila hitilafu. Wakati wa ukaguzi, taa nyekundu ilikuwa inawaka."

Akagonga muhuri, akalirudisha kabati mahali pake.