Waya Uliozunguka Uwanja

Taa ya mtandao kwenye kompyuta ya zahanati ya gereza ilikataa kuwaka.

"Afande, waya ni mrefu sana," alisema Selpher, fundi aliyeitwa kutoka Mafubira. "Waya wa mtandao mwisho wake ni mita mia. Huu una mia na sitini."

"Nilihesabu hatua mwenyewe siku ya gwaride. Tisini tu!" alisema mkuu wa gereza.

"Ulikata katikati ya uwanja, afande. Waya umezunguka."

Pasipo gwaride, uwanja ule haukanyagwi, hata kuku hufukuzwa. Afande mwenyewe ndiye aliyeamuru waya uuzunguke.

Na asubuhi hiyo, huko Mbale, binti yake alikuwa amejifungua. Simu zote hubaki langoni, na zamu yake ingeisha Jumamosi. Kompyuta ile ndiyo njia pekee ya kumwona mjukuu kabla ya hapo.

Selpher aliufuata waya mpaka jikoni, nusu ya njia, penye umeme. Afande alimfuata. Fundi akaukata, akafunga vichwa vipya, akachomeka ncha zote mbili kwenye kiboksi cha swichi ya mtandao.

"Hapa mita zinaanza kuhesabiwa upya," alisema, akipuliza unga wa posho, chakula cha wafungwa, uliotua juu yake.

Taa mbili za kijani, ndogo kama punje za ulezi, zikawaka.

Ng'ambo ya uwanja, muuguzi alitoka zahanati akipunga mikono.

"Afande! Mbale wako kwenye kioo! Mtoto anapiga mwayo!"

Afande aliitazama njia ya kuzunguka. Akavua kofia, akaikumbata kifuani, akakata katikati ya uwanja, mbio.