Bangili ya Mwalimu Mwakyusa

Mwalimu Mwakyusa alifundisha bendi ya sekondari miaka thelathini na miwili, na kama walimu wote wa muziki wa zama zile, alistaafu na bangili yake ya kuongozea bendi mkononi. Mapigo ya mkono wake yalifika papo hapo kwenye bangili za wanafunzi, hata akiwa nyumbani mezani. Siku aliyogombana na mkewe, wimbo wa mahafali ulipigwa mbio kama watu waliovamiwa na nyuki.

Sasa mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Asubuhi hiyo chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni.

"Nawaharibia watoto," alimwambia mkewe, akapiga simu chumba cha bendi.

"Shikamoo, Mwalimu," akaitikia Atupele, binti aliyepiga ngoma kubwa.

"Marahaba. Bangili nairudisha leo, mwanangu. Mkono haufai tena."

"Tunausikia unavyotetemeka tangu mwezi wa tatu, Mwalimu. Tumekwisha kuzoea." Akasikika akiwaita wenzake washike bangili zao. "Hebu shika kikombe."

Alikishika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mapigo yalikuja badala ya kwenda: mazito, ya taratibu, ya watoto arobaini kwa pamoja. Mkono ukatulia. Akainywa chai iliyobaki mpaka majani ya chini.

Mkewe alikitazama kikombe kikitua mezani bila kugonga.

"Na shule zikifungwa, watoto wakavua bangili, je?" aliuliza.

Mwakyusa aliomba kikombe cha pili.