Maombi Juu ya Transista

Pierrette aliinama mpaka midomo yake ikaikaribia transista, akaanza kuwaombea majirani zake, mmoja mmoja, kwa majina.

Transista yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ilikaa katikati ya ubao wa saketi, kati ya nyaya alizochomelea mwenyewe kwa risasi iliyoyeyushwa. Akiwa na miaka hamsini na mmoja, Pierrette alikuwa mkubwa kuliko wote katika darasa la jioni pale Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, mwalimu akiwemo. Walijifunza kubuni chipu za redio. Kabla ya kuichora chipu kwenye kompyuta, kila mwanafunzi alipaswa kuijenga kwanza kwa umbo kubwa, kwenye ubao, na kuonyesha kwamba transista yake inayamudu mawimbi yanayotikisika mara milioni mia kwa sekunde. Asiyeweza, anarudia mwaka.

Ya Pierrette ilikuwa imekufa. Aliiunganisha na redio yake ili imletee stesheni za ng'ambo ya ziwa, zile za Congo zinazosikika kwa shida. Redio ikanyamaza kabisa. Hata ile mikwaruzo ya kawaida ikapotea. Alipima upya, akachora upya, akachomelea upya. Kimya.

Basi kila jioni, akitoka kuuza samaki sokoni, aliwasha betri, akaweka mkono kando ya ubao kama wanavyowawekea wagonjwa kanisani, akaomba kwa sauti. Na kwa kuwa aliamini Mungu hamsikilizi mwenye kinyongo, alianza na majirani.

Hapo maajabu yakaanza. Jumatatu alimwombea Mama Chouchou, mwenye kusahau kurudisha vitu vya watu. Jumanne asubuhi beseni la Pierrette, lililoazimwa tangu Pasaka, lilikuwa mlangoni, limesuguliwa mpaka linang'aa. Akamwombea Ngoy, mvuvi aliyepanga dagaa wa chisense wakavu juu ya kikapu na wabichi chini. Kesho yake Ngoy alimwaga kikapu kizima mbele yake bila kuambiwa.

"Angalia mwenyewe, Mama. Wakavu mpaka chini. Usiniseme tena."

Pierrette alimuuliza amemsema wapi. Ngoy akatazama ziwa.

Akamwombea mwalimu Ambroise aache kuchelewa. Alhamisi mwalimu alikuwa darasani kabla ya wanafunzi, amekaa wima, hataki kumtazama usoni.

Mungu alikuwa anajibu yote, tena mbio. Isipokuwa transista.

Mtihani ulikuwa Jumamosi mchana. Msahihishaji, Madame Cadette, alikuwa anakuja kwa gari kutoka mji wa Mansa. Pierrette alifika wa kwanza, akaweka ubao mezani, akawasha. Kimya kilekile. Darasa lilikuwa tupu, kwa hiyo aliinama akaomba kwa mara ya mwisho.

"Ee Bwana, lainisha moyo wa Madame Cadette. Batu banasema ni mukali kama pilipili. Banasema aliangusha hata mutoto wa dada yake kwenye mutihani. Bwana, mutu kama huyo, ni wewe tu unamuweza. Amina."

Gari lilisimama nje. Madame Cadette aliingia, akaketi bila salamu. Hakuugusa ubao. Aliandika neno moja kwenye karatasi, akaisukuma mbele ya Pierrette: Amefaulu.

Pierrette alilisoma neno lile. Alilitaka kuliko kitu chochote. Kisha akairudisha karatasi.

"Madame, siwezi kuchukua ya bure. Transista yangu imekufa."

"Haijakufa. Imekuleta mpaka kwenye redio ya gari yangu." Madame Cadette aliisukuma karatasi tena. "Sasa inama pale, Mama, uwaambie batu ya soko: yule mutoto wa dada yangu hakuandika hata jina yake. Redio zao bado ziko wazi, banakungojea."