Sauti ya Ukutani

Tangu vita vianze, hakuna aliyeruhusiwa kuacha kazi ili asali. Kila nyumba ilifungiwa spika ukutani, nayo iliomba amani kwa sauti ya mama wa nyumba hiyo, mwenyewe akiwa kazini.

Eliwaza aliunga mabawa ya ndege za vita kiwandani. Adhuhuri moja ilitangazwa kwa shangwe kwamba ndege hizo zimeuteketeza mji wa ng'ambo ya mpaka, alikoolewa mdogo wake, Nanzia. Eliwaza akaweka chini vifaa vyake, akapiga magoti palepale sakafuni, akaomba vita viishe.

"Dada, inuka," msimamizi alimnong'oneza. "Nyumba yako imeshakuombea."

"Nyumba haina ndugu."

Hakuinuka. Wenzake walimtazama, kisha wakainamia kazi zao. Siku ileile akafukuzwa.

Alifika nyumbani, akamshika mkono binti yake, Ndeshi.

"Njoo mwanangu, tumwombee mama mdogo."

Mara spika ikaanza sala ya jioni. Mtoto akauchomoa mkono wake, akageukia ukuta na kufumba macho.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Mama anaomba."