Mtani wa Kasimiri

"Msimsikilize huyo! Anaua watu huyo!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukumbi, wakati Kasimiri ndiyo kwanza ameinua boksi la chai ya mitishamba ili watu waliojaa waone. Wote wakageuka. Mmoja akasema, "Aa, si yule Mzaramo!" Kicheko kikalipuka.

Kasimiri naye akacheka. "Shikeni pochi zenu jamani, watu wa Pwani wameingia!"

Watu wakapiga meza. Kasimiri ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipotembea na mizigo mpaka Pwani. Mtani anakutukana mbele za wakwe zako, anabeba kuku wako, anakuja msibani kwako kumwigiza marehemu, na wewe huruhusiwi kununa.

Huyu aliitwa Salmini, fundi pikipiki, alishuka Tabora na treni ya Dar masika iliyopita, na Kiswahili chake ni cha Dar hasa. Siku ya kwanza alipopiga kelele kwenye semina, mzee mmoja aliuliza kwa nini anamtukana Kasimiri hivyo. Jirani yake akajibu, "Katoka Dar huyo, Mzaramo." Mzee akacheka, basi, yakaisha. Tangu hapo Salmini hakosi semina hata moja, na watu wengine wanakuja kumsikia yeye tu.

Kujaza watu, kwa hiyo, haikuwa shida. Shida ilikuwa wakae. Mtu anajiunga leo kwenye mtandao wa kuuza chai, anapiga picha na boksi, anaiweka kwenye status, mwezi haujaisha hapokei simu. Ukimfuata kwake mtaani Itetemia, mkewe anatoka na mwiko mkononi: "Kaenda porini kurina asali." Asali! Kila msambazaji aliyemkimbia Kasimiri alikuwa anarina asali. Utadhani nyuki wa Tabora nzima walikuwa wanamsubiri Kasimiri afungue mtandao.

Bosi wake wa Mwanza hakuwa na msaada.

"Jenga uaminifu," alimwambia kwenye simu. "Watu wakikuamini hawaondoki."

"Nijenge kwa tofali gani, bosi?"

Bosi akakata.

Aliyebaki wa maana alikuwa mmoja tu, Imakulata, mama wa Urambo, mke wa mkulima wa tumbaku. Nusu ya mtandao wa Kasimiri ilikuwa chini ya mama huyo. Sasa naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba kesho anakuja Tabora, waongee uso kwa uso. Kasimiri alijua maana yake. Imakulata akitoka, wote wanatoka, na yeye anarudi kwenye bani la baba yake kukausha tumbaku, macho mekundu kwa moshi, baada ya kukitambia kijiji kizima kwamba jembe ameliaga.

Akaenda gereji.

"Kaka, kesho usikose," alimwambia Salmini. "Kuna mama wa Urambo anataka kuniacha. Nitukane mpaka basi. Akiona tunavyoishi hapa, atatulia."

Salmini alikuwa anapangusa grisi vidoleni. "Nitasema nilicho nacho."

"Na ukaze uso hivyo hivyo kama siku zote. Hapo ndipo unaponimaliza! Sijaona mtani asiyecheka kama wewe."

"Nitakuja," Salmini akasema, akainamia injini.

Kesho yake Imakulata aliingia na boksi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo wako huu hapa, nimeurudisha. Watu wangu wamechoka, na mimi nimechoka."

"Mama, kaa kwanza. Sikiliza semina, ukitaka kwenda utakwenda."

Akakaa, boksi mapajani, kama abiria anayesubiri kituo chake. Kasimiri aliongea mpaka koo likakauka. Mama hakutikisika.

Ndipo Salmini akasimama.

"Mama yangu alikuwa na sukari," alisema. Leo hakupiga kelele. "Huyu alikaa kwenye mkeka wetu. Akamwambia mama aache vidonge vya hospitali, anywe chai yake. Mama akaacha. Mguu ukaoza. Tukamzika."

Watu wakageuka kumtazama. Kasimiri aliona Imakulata ameanza kuinuka. Akarusha mikono juu.

"Na pilau la msiba mmelionaje? Maana huyu ndiye aliyemaliza sufuria, na ukoko akafunga kwenye shati!"

Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Sitanii!" Salmini akafoka. "Jamani, mimi sitanii!"

Ndiyo kwanza wakazidi. Kuna mzee alitoka nje kwa kukohoa. Imakulata alikuwa anafuta machozi kwa kanga, mabega yanacheza.

"Mwanangu," akamwambia Kasimiri alipopata pumzi, "mtu mwenye hila hakubali kuvuliwa nguo na mtani namna hii, mbele ya wateja wake. Roho yako nimeiona. Nabaki, na watu wangu wanabaki." Akachukua boksi lake, akaondoka nalo.

Kasimiri alitoka mbio. Alimkuta Salmini nje, ameegemea ukuta, peke yake, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mtani, umeniokoa! Haki ya Mungu umeniokoa. Hebu niambie, kwenu Uzaramoni ni wapi, Kisarawe? Na mimi nije nikutukane mbele ya ukoo wako."

Salmini alijitoa mikononi mwake taratibu. Akamjibu kwa Kinyamwezi, kile cha ndani kabisa cha wazee wa Sikonge: kwao ni Sikonge, hajawahi kufika Kisarawe, na kama Kasimiri ana nafasi waende sasa hivi, kaburi la mama bado halijaota nyasi.