Mchicha Uliopona

Mtaalamu wa kilimo alichuchumaa kwenye bustani ya Bi Mwantumu, chini ya kiwanda cha betri, akageuza jani la mchicha. Mwaka jana mchicha wote ulinyauka kwa madini ya risasi yaliyomo udongoni. Safari hii, baada ya mtaalamu kuunyunyizia maji yake ya sukari, ulikuwa umestawi.

"Umeona, mama? Sukari imeukinga."

"Kwa hiyo madini yametoka?"

Akaliachia jani. "Hayajatoka. Yamo humo humo kwenye majani. Ila mchicha wenyewe hauugui tena."

Mwaka jana, uliponyauka, hakuna mtu aliyeula.

Bi Mwantumu akageuka. Mkwewe alikuwa ameshajitwika beseni la mchicha huo, anateremka kwenda sokoni. Akamwita mara mbili. Mkwewe akampungia mkono, majani mabichi yakitikisika kichwani mwake.