Jiwe la Asiye na Tatizo

Nyumbu mmoja, kijana mwenye majivuno, alikuwa amekabidhiwa kundi juzijuzi tu alipoalikwa kwenye baraza ambako viongozi vijana wa wanyama hufundishana kazi. Desturi ya baraza ilikuwa kila mmoja aje na jambo lililomshinda. Asiye na tatizo hukaa juu ya jiwe la katikati, awe mwalimu wa siku hiyo.

"Mimi sina tatizo," alisema Nyumbu, akalikalia jiwe. Lilikuwa laini ajabu. Akaona fahari kukaa walipokaa mabingwa wengi.

Nguchiro, mama mwenye wasiwasi, akauliza, "Mwalimu, kesho navusha watoto wangu mtoni. Wewe ulipovusha kundi lako, kivuko ulikichaguaje?"

Nyumbu akafungua kinywa ajibu. Alikumbuka alivyofumba macho akajitosa kwa sababu wa nyuma walikuwa wakimsukuma. Alikumbuka na ndama waliosombwa. Uongo ulimjia mdomoni, lakini Nguchiro alikuwa amemkazia macho, anangoja.

"Sikuchagua," akasema, uso umemshuka. "Nilisukumwa. Ndama walikufa maji, nami nikawaambia mama zao kwamba mto ndivyo ulivyo. Tafadhali, dada, usipite nilipopita mimi."

Akangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Kanga, mwenyekiti wa baraza, akamsogezea nafasi kando yake.

"Teremka, mwenzetu, uje ukae nasi."

"Mbona hamnicheki?"

Wote wakainamisha vichwa. Kanga akajibu kwa sauti ya chini, "Kwani unadhani jiwe hilo limelainishwa na makalio ya nani?"